Kigurudumu cha Meza ya Mbele

Saa tatu na nusu asubuhi, kabla duka la Marugane halijafungua milango, Ubukata Kinue alikuwa ameshapanda ghorofa ya tatu, ameshavaa kizibao chekundu cha duka, na ameshakasirika.

Kamera zake saba zilikuwa juu ya meza ya mbele, kila moja na waya wake wa kuzuia wezi. Aliinua ya kwanza, akaweka jicho la kulia kwenye tundu la kuchungulia, akaona ukungu. Ya pili, ukungu. Ya tatu vilevile. Ubavuni mwa tundu la kila kamera kuna kigurudumu kidogo, hakizidi punje ya hindi. Ukikizungusha, picha iliyomo ndani hulegea au hukaza kufuatana na jicho la mtazamaji. Mtu alikuwa amevizungusha vyote saba, kama jana, kama juzi.

“Mshenzi,” alisema kimoyomoyo, na mshenzi mwenyewe hakuhitaji kutajwa jina. Akaanza kuvirudisha kimoja kimoja, polepole, hadi herufi za tangazo la ukutani zikasimama zenyewe. Hakuna mtu katika mtaa mzima wa Shinjuku, jijini Tokyo, aliyejua kazi hiyo kumshinda.

Mshenzi aliitwa Nezu Takuro. Alikuwa na miaka thelathini na minne, nywele zilizopakwa mafuta, na tabasamu lililowaka na kuzimika kama taa ya friji. Yeye aliuza kamera za Arumo. Kinue aliuza za Hoshimine. Wote wawili walilipwa na viwanda vyao, lakini walivaa kizibao kimoja cha duka, na sheria ya Marugane ilikuwa moja: mwenye kizibao ni mtumishi wa duka. Mteja akikuuliza kamera ya adui yako, unainama, unampeleka hadi kwenye meza ya adui yako, unatabasamu, unarudi. Ukirudi unaweza kutukana utakavyo, mradi iwe moyoni.

Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini Marugane iliwafungia hao wawili hatua nane tu kutoka meza hadi meza. Wa Hoshimine alikaa meza ya mbele, mkabala na ngazi za umeme, ambapo kila anayepanda lazima ajikwae kwa macho. Wa Arumo alikaa meza ya pili. Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Januari na mwisho wa Julai, duka lilitazama nani ameuza kamera nyingi zaidi za siku hizi, zisizo na kioo ndani, na huyo ndiye aliyepewa meza ya mbele. Aliyenyang'anywa meza hiyo alipelekwa nyuma kabisa, karibu na wino wa printa. Kinue alikuwa ameishikilia meza hiyo kwa miaka minne.

Julai hii meza ilikuwa inamponyoka. Kijana mmoja kutoka makao makuu ya Hoshimine alikuwa amepita wiki ya kwanza ya mwezi, akanywa chai ya shayiri, akasifu joto, akasifu afya ya Kinue, kisha akasema kwamba iwapo meza ya mbele haitapatikana, huenda ikalazimu kampuni itafakari upya juu ya kuwa na mtu Marugane. Alisema “huenda” mara tatu. Akufukuzaye hakwambii toka. Kinue alielewa barabara: bila meza, hakuna kizibao. Alikuwa na miaka hamsini na saba, hana mume wala mtoto, na kazi nyingine hakuijua.

Alizaliwa mji wa Okaya, baba yake msaga lensi katika kiwanda cha Hoshimine. Alipofika miaka ishirini na miwili naye akaingia humo, chumba cha ukaguzi. Miaka kumi na sita alikaa gizani akichungulia lensi moja baada ya nyingine, akisema “pita” au “rudi”, na mashine za kupimia zilipobishana naye, mafundi walizirekebisha mashine. Jicho la Ubukata, walisema, na hawakuwa wanatania. Kiwanda kilipohamishiwa ng'ambo wakampeleka Tokyo kuuza. Hata huko, mafundi wa makampuni mengine walimletea lensi kwa siri na kwa heshima: “Hebu tazama, Ubukata-san, imekaa hii?” Kwa sababu hiyo, kwenye meza yake kulikuwa na mwiko mmoja. Kwenye meza nyingine mteja huambiwa azungushe kigurudumu mwenyewe mpaka aone. Kwa Kinue kigurudumu hakikuguswa. Ukimwambia mteja azungushe, alisema, umemwambia kamera ina kasoro.

Vita yake na Arumo ilianza na kioo. Zamani, kamera ya maana ilikuwa na kioo ndani, kikiruka kila ukifyatua, klak, mpaka unausikia mlio mfupani. Arumo, kampuni iliyoanza kwa vyombo vya hospitali, ikakitoa kioo na kuweka televisheni ndogo ndani ya tundu. Hoshimine walicheka. Walicheka miaka sita, na Kinue alicheka kwa niaba yao mbele ya wateja: “Hiyo si kamera, mzee wangu. Hiyo ni televisheni ya kuvaa shingoni.” Akaapa kwamba jicho lake halitapita kamwe kwenye lensi ya watengeneza mabakuli ya wagonjwa, na kweli, hakuwahi hata siku moja kuchungulia kamera ya Arumo.

Mwaka wa saba Hoshimine wakaacha kucheka. Wakatoa kamera yao isiyo na kioo, na Kinue akalamba matapishi yake mchana kweupe, mbele ya wateja walewale. Nezu hakumwacha asahau.

“Ubukata-san,” alisema kila alipoingia zamu saa sita mchana, “leo umeuza televisheni ngapi?”

“Nyingi kuliko mabakuli yako.”

“Umeona chati ya mauzo ya jana lakini?”

“Nimeiona. Wengine tunauza kwa wanaojua kupiga picha. Nyinyi mnauza kwa wanaopiga picha supu.”

“Supu nayo inalipa. Na wanaojua wanazeeka, Ubukata-san. Kila mwaka tunawazika wangapi?”

Mtu akisema hivyo hastahili kujibiwa, ila maneno yalimkaa Kinue kifuani hadi jioni.

Ni kweli, wateja wake walikuwa wazee. Wastaafu wa posta, walimu, madaktari wa meno, watu waliobeba Hoshimine tangu ujana na waliokuja kubadilisha kamera kama mtu anavyobadilisha miwani. Ndio waliomshikia meza ya mbele. Na ndio walioanza kumkimbia. Tangu katikati ya Juni walikuwa wanakuja, wanainua kamera, wanaweka jicho, wanakunja uso, wanairudisha taratibu kama mtu aliyeonja mchuzi uliochacha, na kuelekea meza ya pili. Vijana waliochungulia walisugua macho na kusema inaumiza.

Siku iliyomvunja moyo hasa ilikuwa Jumanne ya tarehe tisa, alipokuja mzee Kasuya. Alikuwa ameuza stempu mjini Hachioji miaka arobaini, na kwa muda huohuo hajawahi kumiliki kamera isiyokuwa Hoshimine. Kila Julai alimletea Kinue matunda ya pichi ya shambani kwa dada yake.

“Karibu, mzee wangu! Nimekuwekea hii mpya. Shika, uone uzito wake.”

Mzee akaishika, akachungulia. Akaiondoa jichoni, akafuta tundu kwa leso, akachungulia tena.

“Mh. Ubukata-san, humu mna ukungu.”

“Haiwezekani.” Kinue akaichukua, akaweka jicho la kulia. Herufi za tangazo zilikuwa kali kama zimechongwa. “Safi kabisa, mzee wangu. Tulia, utazame vizuri.”

“Nimetulia. Naona kama niko bafuni.”

“Nani kakutia maneno hayo?”

“Maneno gani?”

“Ya ukungu. Kuna mtu anapita akisema kamera za Hoshimine zina ukungu. Niambie tu, sitakutaja.”

“Hakuna aliyeniambia, mama. Jicho langu ndilo limeniambia.” Kasuya alikuwa mtu mpole, na alikuwa ameanza kuona haya. Akatazama pembeni. “Na ile pale?”

Sheria ni sheria. Kinue aliinama, akampeleka hatua nane, akatabasamu mpaka mashavu yakauma. Nezu aliinama hadi kiunoni. Akampa mzee kamera, akamwonyesha kigurudumu. “Zungusha mwenyewe hapa, baba, mpaka ikae.”

“Haa!” mzee Kasuya akasema. “Hii naona mpaka makunyanzi ya yule mama kule kwenye kaunta!”

Akainunua. Alipokuwa anaondoka alipita tena meza ya mbele, akaweka mfuko wa pichi, akasema samahani kama mtu aliyevunja uchumba. Kinue alizipeleka pichi chumba cha mapumziko na hakula hata moja.

Usiku huo kitandani alimpangia Nezu mashtaka mawili. Mchana Nezu anasambaza uvumi. Jioni, Kinue akishatoka saa kumi na mbili na nusu, Nezu anabaki hadi kufunga, na hapo ndipo anapovipindua vigurudumu. Ushahidi ulikuwa wazi: kila asubuhi vilikuwa si pale alipoviacha. Kesho yake akaanza kulipiza. Kila siku saa tatu na nusu, akishamaliza kuweka sawa zake, alipita kwenye meza ya pili kama anayepangusa vumbi, na kwa kidole gumba tu, bila kuchungulia, akavisukuma vigurudumu vya Arumo hadi mwisho. Dawa ya moto ni moto, alijiambia. Na hakuona haya hata chembe.

Haikusaidia. Vijana wa zamu ya asubuhi wa Arumo waliwaambia wateja wazungushe wenyewe, na wateja wakazungusha, wakanunua. Kwake, kadiri alivyoweka sawa kwa uangalifu, ndivyo wazee walivyozidi kukunja uso.

Kitu kimoja tu kilimfariji siku hizo, nacho ni macho yake. Wenzake wa umri wake walikuwa wanasoma bei kwa mkono ulionyooka. Yeye alisoma maandishi ya chupa ya dawa ya kikohozi bila miwani, jambo ambalo miaka mitatu nyuma hakuliweza. “Macho yangu yamerudi ujana,” alimwambia Hatakeda, mkuu wa ghorofa, na Hatakeda akasema bahati yako. Ni kweli ubao wa treni pale kituoni ulikuwa siku hizi unacheza mbele yake, na taa za barabarani zilivaa pete. Lakini ubao ulikuwa mpya, na taa pia walikuwa wamezibadilisha, wakaharibu kama wanavyoharibu kila kitu.

Jumamosi ya tarehe ishirini wafanyakazi wote waliitwa asubuhi. Walisimama duara kwenye ghorofa ya tatu, watu thelathini wa viwanda vyote, wakasoma kwa pamoja maneno ya salamu, karibuni, asanteni, samahani kwa kuwasubirisha. Hatakeda akauliza kama kuna mwenye la kusema. Huwa hakuna. Swali hilo huulizwa ili lisijibiwe.

“Mimi ninalo,” Kinue akasema.

Watu wakatazama viatu vyao.

“Kuna mtu hapa anaharibu kamera zangu. Kila jioni. Anazungusha vigurudumu vyote ili wateja waone ukungu. Ana duka zima la kuuzia, lakini hawezi kushinda mpaka atie mkono kwenye chungu cha mwenzake. Nezu-san, nakutaja mbele ya watu ili usije ukasema nimekusengenya.”

Tabasamu la Nezu lilizimika. “Umesema nini?”

“Umesikia.”

“Nani anafunga ghorofa hii, Ubukata-san? Mimi. Na anayefunga anatakiwa afanye nini?” Aligeuka kwa wengine. “Anafuta picha za wateja, anarekebisha saa, anarudisha vigurudumu. Vya meza zote. Baada ya kufunga hakuna Arumo wala Hoshimine. Au nyinyi mnafanyaje? Kila jioni nakuta vyako vimepinduliwa hadi karibu na mwisho. Nilidhani ni wateja. Nimekuwa navirudisha wiki tano, kwa mkono wangu, na hata asante sijadai.”

“Muongo.”

“Ubukata-san,” Hatakeda akasema, kwa sauti ya kuzima redio.

“Muongo, mkuu! Asubuhi hii nimeviweka mwenyewe na tangu hapo sijaondoka mezani. Njooni mtazame sasa hivi. Njooni wote. Muone kamera yangu ikiwekwa na mtu anayejua, halafu jioni mje muone alivyoifanya.”

Akaichukua kamera ya kwanza, akachungulia, akazungusha kiasi cha unywele mmoja ili asiache lawama, akamkabidhi Hatakeda. Hatakeda akachungulia. Akavua miwani, akachungulia. Akaivaa tena, akampa msichana wa meza ya mikoba. Msichana akampa mzee wa meza ya darubini. Kamera ikazunguka duara, na kila aliyeipokea aliishusha upesi kuliko aliyemtangulia.

“Semeni basi,” Kinue akasema. “Iko safi au haiko safi?”

“Ina ukungu,” mzee wa darubini akasema, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomtisha.

“Mmepangwa.”

Nezu alikwenda kwenye meza yake, akafungua waya, akarudi na kamera ya Arumo. Akaizungushia kigurudumu mbele ya Hatakeda. Hatakeda akachungulia, akatikisa kichwa kukubali. Msichana wa mikoba naye. “Shika,” Nezu akamwambia Kinue.

“Sitashika hiyo.”

“Umeniita muongo mbele ya watu thelathini. Utashika.”

Kinue akaishika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaweka jicho kwenye tundu la kamera ya Arumo. “Ukungu,” akasema kwa ushindi. “Si mnaona? Hata hii ameiharibu.”

“Funga jicho la kulia,” Nezu akasema. “Weka la kushoto.”

Aliweka la kushoto. Msichana wa mikoba, tangazo, ngazi za umeme, kila kitu kilikuwa mahali pake, kila herufi na ncha zake. Akairudisha kamera. Akachukua ile yake, aliyoiweka kwa mkono wake mwenyewe, akachungulia kwa jicho hilohilo la kushoto. Ndani mlikuwa bafuni, kama alivyosema mzee Kasuya.

Kisha akaishusha, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaitazama ghorofa yote kwa lile la kulia pekee. Taa zilikuwa na pete. Ukuta mweupe ulikuwa na rangi ya chai iliyoachwa. Nyuso thelathini zilikuwa zimelegea, hakuna hata moja yenye mpaka. Lilikuwa hivyo tangu lini? Nyani haoni kundule, na jicho nalo halijitazami.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Kinue aliinama, kichwa kikashuka chini ya kiuno. “Nimemsingizia Nezu-san. Naomba radhi.” Akabaki hukohuko chini, kwa sababu lililobaki lilikuwa zito kuliko hilo. “Na za Arumo nimezipindua mimi. Kila asubuhi, tangu tarehe kumi. Hilo si jicho. Hicho kilikuwa kidole changu.”

Nezu alimtazama kisogo. “Nimesikia,” akasema. “Lakini sijasamehe.”

Hatakeda angeweza kumvua kizibao palepale. Mtu wa kiwanda akigusa mali ya kiwanda kingine, anatoka. Badala yake alitoa hukumu ambayo Kinue aliona ni mbaya zaidi: atabaki hadi mwisho wa Julai, lakini asiguse kigurudumu chochote, hata cha Hoshimine. Cha Hoshimine kitawekwa na Nezu, kila asubuhi, kwa sababu ndiye ambaye amekuwa akikiweka vizuri.

Kwa hiyo siku kumi na moja za mwisho adui alikuja mapema, akachungulia kamera zake saba moja baada ya nyingine, akizungusha na kupumua kwa kelele, naye Kinue akasimama pembeni na mikono mbele kama mgeni kwenye nyumba yake. Nezu aliziweka vizuri. Hakupunja hata kwa unywele mmoja. Kinue alizikagua kwa jicho la kushoto akitafuta kosa, alitamani kosa kuliko chakula, na hakulipata.

Wazee wakaanza kurudi. Wakaweka jicho, wakasema “ahaa”, wakanunua. Siku kumi na moja hizo Hoshimine iliipita Arumo kila siku. Tarehe thelathini na moja jioni Hatakeda alibandika chati: Arumo imeshinda kwa kamera sita. Kinue aliwahesabu wazee waliokunja uso mbele yake tangu katikati ya Juni, wale tu aliowajua kwa majina. Alipofika kumi na tisa aliacha. Hakushindwa na Arumo wala Nezu. Ni yeye mwenyewe aliyewafukuza wateja wake, kwa uangalifu, saa tatu na nusu kila asubuhi.

Tarehe mosi Agosti meza zilibadilishwa. Barua ya makao makuu ikaja, haikuwa na “huenda” hata moja: nafasi ya Marugane ingefungwa mwisho wa Septemba.

Katikati ya Agosti, katika zahanati ya macho ya Hatsudai, daktari Momose alimulika jicho la kulia la Kinue kwa taa ndogo. “Mtoto wa jicho,” akasema. “Limeshakua vya kutosha kutolewa. Ulikuwa unasoma vitu vya karibu vizuri ghafla, sivyo? Watu hufurahi. Wanadhani wamepona uzee.”

“Mimi nilifurahi,” Kinue akasema.

“Tutatoa lensi ya zamani, tutaweka mpya. Dakika kumi na tano.” Akasogeza karatasi mbele yake. “Lensi yenyewe ni hii. Ni nzuri sana.”

Chini ya karatasi kulikuwa na jina la mtengenezaji. Kinue aliisogeza karibu na uso ili asome kwa hakika. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya daktari anyanyue kichwa.

“Hakuna nyingine?”

“Ipo ya ng'ambo. Utasubiri mpaka Novemba. Hii ina tatizo gani?”

“Ina jina.”

“Jina hutaliona, bibi. Litakuwa ndani.”

Alimfikiria baba yake aliyesaga lensi za Hoshimine hadi vidole vikakosa alama. Alifikiria Novemba, akiwa hana kizibao wala jicho. “Weka,” akasema, kama mtu anayepokea kofi.

Tarehe thelathini Septemba, asubuhi, alikwenda Marugane kurudisha kizibao. Meza ya Hoshimine pale karibu na wino wa printa ilikuwa imeshaondolewa, zimebaki alama nne za miguu yake kwenye zulia. Nezu, ambaye tangu Julai hakuacha kuja mapema, alikuwa meza ya mbele, peke yake, anapanga kamera zake kumi na mbili.

“Jicho?” akauliza bila salamu.

“Limepona.”

“Walikuwekea lensi.”

“Waliweka.”

“Zahanati gani?”

“Kwa Momose, Hatsudai.”

Nezu aliacha kupanga. “Momose anatumia za kwetu.”

Kinue akatazama zile alama nne kwenye zulia. Nezu akachukua kalamu, akafungua daftari la mauzo la Arumo lililokuwa chini ya meza, akaongeza mstari mmoja kwenye hesabu ya Septemba, taratibu, ili aonekane. Kisha akainama kule kuinama kwa wateja, hadi kiunoni. “Asante sana kwa kununua Arumo, mama. Karibu tena.”

“Mshenzi,” Kinue akasema. Safari hii kwa sauti.

Akainyakua kamera ya kwanza mezani kabla Nezu hajanyanyuka, akaweka jicho la kulia. Weupe wa ukuta ulikuwa weupe. Tangazo la ukutani alilolisoma miaka yote lilikuwa na mistari midogo ya chini ambayo hakuwahi kujua kama ipo. Akatazama mistari hiyo kwa muda mrefu.

“Nani ameiweka hii?”

“Mimi.”

“Imekaa vibaya.”

“Haiwezekani.”

“Zungusha. Kulia kidogo. Nimesema kidogo! Umepita. Rudi. Nusu ya hapo. Acha.”

Nezu akachungulia. Akaishusha kamera, akatazama ukuta, akachungulia tena. Mistari midogo ya tangazo ilikuwa mikali kuliko alivyoiweka yeye, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu. Kisha akaichukua ya pili na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Kinue alizipitia zote kumi na mbili. “Kulia. Kushoto. Iache. Hii nani alikudanganya?” Hakuna aliyemshukuru na hakungoja shukrani. Alipomaliza alikunja kizibao chekundu mara nne, akakiweka juu ya meza ya mbele, na kuteremka kwa ngazi za umeme bila kugeuka. Vijana wa Arumo walipofika, Nezu aliwaambia kwamba leo wateja wasizungushe, na wao wenyewe wasiguse kigurudumu hata kimoja.